Namba Tano Iko Mkononi

Mimi ni mbishi. Nalisema mapema, kwa sababu ubishi huo ndio ulionipatia kiti katika kamati ya timu ya mpira ya Musonoi, mtaa wa wachimbaji mjini Kolwezi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Mashabiki walikuwa na haki ya kiti kimoja, na katika mashabiki wote, sisi wanawake wenye kupiga mifuniko ya sufuria ndio tuliokuwa na kelele zaidi. Wanaume hawakupinga. Walidhani nitawaletea munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kisha nikae pembeni niwasikilize. Munkoyo nilileta.

Timu ilikuwa ya Kampuni ya migodi, kama kila kitu kingine wakati ule. Nyumba tulizolala zilikuwa za Kampuni, shule niliyofundisha ilikuwa ya Kampuni, na hospitali, na unga, na maji ya bomba, na king'ora kilichotuamsha alfajiri. Kijana mwenye miguu mizuri alipewa kazi karakana, na mwenye kazi alipewa nyumba. Kwa hiyo kupanga kikosi halikuwa jambo la kupitisha wakati. Ukimchagua mtu, umemchagulia na mahali pa kulala.

Tulikuwa na desturi yetu. Kila Jumamosi kocha alikuja na begi la jezi, ambazo kwetu huitwa maillot, akazitandaza juu ya meza ndefu ya serkle, ukumbi ambako wafanyakazi walikunywa bia na kucheza karata. Jezi iliyobaki mezani bila ubishi, mwenyewe angecheza kesho yake. Ukitaka mtu aachwe, ulitoa sababu. Ukitaka kumtetea, uliichukua jezi yake ukaishika, na hapo hakuna mtu aliyeruhusiwa kukunyang'anya. Ulibaki nayo mpaka uwashinde kwa maneno, au mpaka wewe mwenyewe ukubali kushindwa na kuirudisha mezani imekunjwa. Jezi iliyokunjwa maana yake mtu huyo ameachwa. Na kama jezi bado iko mkononi mwa mtu, kikao hakifungwi, hata giza liingie, hata mwenye funguo anune.

Wazee walisema desturi hiyo ilitoka chini ya ardhi, kwa wachimbaji, ambao hawakufunga zamu mpaka taa ya kila mmoja irudi kwenye ndoano yake. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba niliipenda kuliko mpira wenyewe. Niliwahi kumshikia jezi winga mmoja mvivu mpaka kocha akaniuliza kama nataka kumwoza binti yangu. Nikamjibu kwamba binti yangu ana akili, hawezi kuolewa na mtu asiyejua kurudi kukaba. Wakacheka, na winga akacheza. Tulifungwa, lakini hilo ni jambo lingine.

Kisha Kampuni ikaanza kuanguka. Haikuanguka kwa kishindo, ilianguka kama nyumba ya udongo inayoliwa na mvua, kipande leo, kipande kesho. Mashine kubwa za mashimoni zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mishahara ikawa habari ya redio. Unga wa mgao ukakoma, na lori lililopeleka timu kwenye mechi likakaa juu ya matofali mbele ya karakana, kuku wa watu wakataga ndani yake. Wachezaji wakatawanyika. Mmoja alikwenda kulima upande wa Lubudi, mwingine akauza mafuta ya mawese barabarani, wengine wakaingia usiku kwenye mashimo kuokota mawe ya madini. Timu ya Dilala, wapinzani wetu wa siku zote, nayo ikabaki nusu.

Ndipo lilipokuja wazo la kuunganisha timu mbili kuwa moja. Kusema kweli sikulipenda. Watu wa Dilala walijiona mabwana kwa sababu waliishi karibu na ofisi. Lakini nusu na nusu zinafanya kitu kizima, na mji wetu ulikuwa umebaki na furaha moja tu ya bure, nayo ni Jumapili uwanjani. Tukakubaliana: kamati mbili zitakaa serkle ya Musonoi, jezi zitatumika zetu kwa sababu zao zilikuwa zimechanika, na wachezaji watachaguliwa kwa zamu. Dilala wanachagua mtu wa namba hii, Musonoi wanachagua wa namba ile, mpaka meza ijae.

Hapa lazima nimtaje jirani yangu. Sitamwita kwa jina. Nitamwita Namba Tano, kwa sababu hivyo ndivyo mji mzima ulivyomwita. Alikuwa beki wa kati. Alizaliwa katika nyumba iliyopakana na yangu, ukuta mmoja kati yetu, na nilimsikia akilia usiku wake wa kwanza duniani. Baba yake alikuwa ameletwa na Kampuni kwa treni kutoka Kasai, enzi za Wabelgiji, kuja kuchimba. Alichimba mpaka mapafu yakamshinda, akazikwa makaburi ya Musonoi. Namba Tano mwenyewe hakuwahi kuiona Kasai. Kiluba cha huko alikizungumza vibaya hivi kwamba mama yake alimcheka na kumwambia anaongea kama padri mgeni.

Uwanjani hakuwa na mbwembwe. Hakuwahi kuruka juu ya mtu ovyo, hakupiga kelele. Alisimama mahali mpira utakapofika, na mpira ukafika. Nilipenda kumtazama kwa sababu alinituliza, mimi nisiyetulizika.

Lakini upepo wa maneno ulikuwa umebadilika. Wakubwa walisimama mbele ya watu wakasema kwamba shida zetu zina wenyewe, na wenyewe ni wale ambao wazazi wao walitoka Kasai. Wao ndio wamejaza kazi, wao ndio wamejaza nyumba, warudi kwao. Vijana wakaanza kuzunguka mitaani na virungu. Waliwaita majirani zetu bilulu, yaani wadudu. Mimi asili yangu ni kaskazini ya Katanga, jimbo letu hili, hakuna aliyenigusa, na nilikuwa na hasira ya mtu asiyeguswa, ile inayokaa kifuani haina pa kutokea.

Mama yake Namba Tano alinijia uani siku mbili tatu kabla ya kikao. Nilikuwa nachekecha unga. Alikaa kwenye kinu kilichogeuzwa, akasema pole pole, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, ambacho timu hukiita ekipe:

"Mama mwalimu, bakimuchagula mutoto mu ekipe, habatatugusa. Batu habawezi kupigia mutu makofi siku ya Mungu na kumufukuza kesho yake."

"Watamchagua," nikamwambia.

"Unaapa?"

"Mi nitashika maillot yake. Mpaka bachoke."

Akaniangalia, akacheka kidogo. Alinijua. Na mimi niliyaamini maneno yake kama alivyoyaamini yeye. Tulidhani sheria ya meza ile inafika mpaka barabarani.

Siku ya kikao ilikuwa mchana wa jua kali. Watu wa Dilala walikaa upande mmoja wa meza, sisi upande mwingine, jezi katikati. Mwenyekiti wao alikuwa karani wa ofisi, mtu wa tai hata siku ya joto, mwenye sauti laini ya kuombea msamaha. Kocha, ambaye pande zote mbili zilimkubali, alikuwa mtu wa kaskazini kama mimi, mfupi, mchache wa maneno. Aliketi mwisho wa meza akitafuna njiti ya kiberiti.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Tulibishana kama zamani. Dilala walitaka kuanza na washambuliaji, kwa sababu wafungaji ndio walioadimika. Mimi nikasema nyumba haianzwi na bati. Karani akasema mechi haishindwi bila goli, nikamjibu kwamba haishindwi pia ukifungwa matano. Kocha akaamua tuanze na kipa. Dilala wakachagua kipa wao, mrefu, mikono mizuri, na sikuwa na la kusema, jambo lililowashangaza. Sisi tukachagua beki wa kulia. Wao wa kushoto. Namba nne pande zote mbili zilimkubali bila kuhesabu zamu. Tulijadili kama tucheze na mabeki watatu au wanne, na kama mtu anayelala mashimoni usiku anaweza kukimbia dakika zote Jumapili. Munkoyo ulizunguka. Kwa muda mfupi nilisahau lori lenye kuku.

Ikafika zamu yetu, na kocha akaweka kidole juu ya namba tano.

"Huyu tunamjua," nikasema. "Tuendelee na sita."

Karani akakohoa. "Mama, tungojeeni kidogo. Tuwaze mbali. Ile ekipe tunajenga, ni ya kesho. Mutu mwenye kuwa na safari, juu ya nini tumupe fasi?"

"Safari gani? Nani alikuambia eko na safari?"

"Nasema tu."

"Basi usiseme tu."

Nikaichukua jezi. Kila mtu alijua maana yake.

Wakaanza. Mmoja akasema Namba Tano amekuwa mzito. Nikamkumbusha mechi ya msimu wa mvua, jinsi alivyomfukuzia mshambuliaji wao wa Dilala nusu ya uwanja wenye tope na kumpokonya mpira bila kumgusa mguu. Mwingine akasema goti lake halijapona. Nikamwambia goti bovu lilikuwa la namba nne, na namba nne tumeshampitisha muda si mrefu na hakuna aliyetaja goti. Wa tatu akasema hachezi vizuri mipira ya juu. Hapo nilicheka kwa sauti, kwa sababu aliyesema hivyo alikuwa mtu wetu wa Musonoi, na ni yeye aliyekuwa akitangaza baa nzima kwamba kichwa cha Namba Tano kingefaa kuwekwa mlinzi wa benki.

Ilikuwa ajabu kusikiliza. Watu wazima, wanaojua mpira, walikuwa wakisema uongo wa mpira mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake. Nikasimama, jezi mkononi.

"Mukisema mpira, nitawajibu mpira mpaka kesho. Kama ni kile kintu kingine, mukiseme na jina yake. Mi niko mwalimu, nazoea kungoja jibu."

Karani akalegeza tai yake.

"Mama, unajua muzuri," akasema mwishowe, sauti ile ile laini. "Bazazi yake beko ba ku Kasai. Batu ya inje habatafurahi. Sisi tunataka ekipe ya batu ya hapa."

"Aksanti. Sasa tunasemezana. Baba yake eko wapi leo?"

"Alikufaka."

"Alizikwa wapi?"

"Hapa. Musonoi."

"Basi ule eko mutu ya hapa kukupita wewe, juu hatatoka tena. Ao mutaenda kumufukula?"

Mtu mmoja aliinuka akaenda kutazama nje dirishani, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. Mwenye funguo alikuja mlangoni, akaniona na jezi, akarudi zake. Wakaagiza munkoyo tena, wakanywa, mimi nikanywa kwa mkono mmoja. Karani akajaribu kunibembeleza: wachague mtu mwingine, na Namba Tano awe akiba, asivae. Nikakataa. Akasema nafikiria kwa moyo. Nikamwambia ndiyo, ndicho nilicholetewa hapa, kichwa wamejaa nacho wao. Jua lilikuwa limeanza kuingia kwa mlango wa magharibi, na mkono wangu ulikuwa umelowa jasho mpaka kwenye kitambaa, lakini sikuubadilisha.

Ni kocha aliyemaliza. Alitoa njiti mdomoni.

"Mi natafuta beki," akasema. "Hamujasema hata neno moja ya kweli juu ya mupira ya ule kijana. Muniletee beki mwenye kumupita, nitamutwaa sasa hivi. Eko?"

Dilala wakatazamana. Hawakuwa naye.

"Basi Musonoi inachagula namba tano. Mama, rudisha maillot pa meza. Lakini usiikunje."

Niliitandaza pale katikati ya nne na sita, nikaipapasa mikunjo kwa kiganja. Nilifurahi, na nilitaka kila mtu aone kwamba nimefurahi. Nilirudi nyumbani nikiimba, nikamgongea mama yake Namba Tano ukutani, mara tatu, ishara yetu ya miaka mingi ya kuitana. Naye akagonga. Asubuhi yake nilimkuta uani akipanda vipande vya matembele, mistari mirefu iliyonyooka, kama mtu anayetarajia kula mboga hizo.

Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya timu ya Lubudi, waliokuja kwa treni ya mizigo wakiwa weusi kwa moshi. Uwanja ulifurika. Tulipiga mifuniko mpaka mingine ikapinda. Namba Tano alicheza kama kawaida yake, bila mbwembwe, na karibu na mwisho, tukiwa tumewatangulia kwa goli moja, alisimama kwenye mstari wa goli kipa akiwa amelala chini, akautoa mpira kwa kifua. Watu waliingia uwanjani kabla ya filimbi kulia vizuri. Vijana wale wale wa virungu, niliowafundisha baadhi yao kusoma, walimbeba mabegani wakamzungusha uwanja mzima wakiimba namba yake. Mama yake alinishika mkono. Mimi sikuweza kusema kitu, jambo ambalo mume wangu alilitangaza mtaani kila siku.

Juma hilo lilikuwa halijaisha.

Walikuja asubuhi, si usiku. Nilisikia sauti uani kwa jirani nikatoka na unga mikononi. Vijana walikuwa wamesimama mlangoni kwake, na aliyekuwa mbele yao sauti yake ilikuwa imekauka kwa kushangilia Jumapili. Nilimtambua. Nilimfundisha darasa la pili.

"Yaya," alikuwa akimwambia Namba Tano, kwa heshima kabisa, kama unavyomwita kaka mkubwa, "ulicheza muzuri. Kweli ulicheza muzuri sana. Sasa mufunge bitu. Hii nyumba inapata mwenyewe."

Nikamwambia wewe, si ni wewe uliyembeba? Akaitikia ndiyo, mama mwalimu, ni mimi. Haikumsumbua. Kwake mechi ilikuwa mechi na nyumba ilikuwa nyumba. Nilisimama mlangoni nikatandaza mikono, nikawaambia kwamba mtu huyu ameshachaguliwa, tumebishana na kumaliza, waulize serkle. Hawakunipiga. Walinisogeza kando kama watu wanavyosogeza kiti, na wakasema pole. Ningependa wangenipiga.

Namba Tano alifunga godoro kwa kamba, akambebea mama yake begi, akaniambia, "Mama mwalimu, usilie mbele yabo." Sikuwa najua kwamba nalia. Wakaenda kituo cha treni pamoja na wengine wa mtaa, mstari mrefu wa vyungu, cherehani na kuku. Njiani mama yake aligeuka mara moja tu, akaangalia matembele.

Kituo cha Kolwezi kiligeuka mji. Watu walikaa chini ya vitenge na vipande vya plastiki, wakingoja treni ambazo zilikuja zikitaka na kuondoka zikitaka. Watoto waliugua, wazee walikufa huko. Nilikwenda kila nilipoweza na bukari, ugali wetu, kwenye sufuria na maji kwenye kidumu. Waliokuwa wananiona walianza kuninong'ona, na mimi nilitembea katikati ya barabara ili wanione vizuri.

Kamati ikakutana bila kuniita, kisha ikanituma. Karani mwenyewe alikuja shuleni, akasimama mlangoni mwa darasa. Namba Tano alikuwa ameondoka na jezi. Jezi nyingine za namna ile zisingepatikana tena, Kampuni ilikuwa imekwisha, na kulikuwa na kijana wa Dilala aliyekuwa tayari kuziba nafasi. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kituoni. Niilete.

Nilikwenda. Nilimkuta nyuma ya maghala ya reli, kwenye kiwanja cha changarawe, pamoja na wanaume wengine waliofukuzwa. Walikuwa na mpira wa matambara. Walikuwa wakibishana, vidole hewani, nani acheze wapi, na huyu amechoka, na yule anafaa mbele. Kulikuwa na kipa wa timu ya zamani ya reli, mwalimu mwenzangu, na fundi umeme niliyemfahamu. Namba Tano alisimama katikati yao na jezi yetu mwilini, akichagua watu kwa zamu na mwenzake wa upande wa pili, mmoja mmoja, taratibu, kana kwamba wana msimu mzima mbele yao. Nilisimama nikiwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile nilipumua vizuri.

Aliponiona alikuja. Nikamwambia nimetumwa nini, bila kuzungusha maneno.

Hakuuliza swali. Alikuwa mtu wa nidhamu, jezi ni ya timu. Aliivua, akabaki na fulana iliyotoboka, akaipangusa vumbi. Kisha akaikunja. Mikono kwanza, halafu katikati, halafu tena katikati, namba ikaingia ndani. Akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Twaa, mama. Ubaambie mi nilikubali."

Niliipokea. Niliishika pale nikiitazama ilivyokunjwa, na hasira yote iliyokuwa kifuani ikapata njia. Nikaikunjua. Niliikung'uta mbele ya watu wote wale mpaka ikapiga mlio, nikaishika kwa mkono wangu wa kulia, juu, kama nilivyoishika serkle.

"Mi sikukubali," nikamwambia. "Niko nimeishika. Unaona? Sasa inama."

Akainama, mrefu alivyokuwa, na mimi nikamvisha kichwani kama unavyomvisha mtoto anayekwenda shule. Mikono yake ilitafuta matundu. Wale wanaume wa upande wa pili wakaita kwamba mchezo unangoja, akarudi akikimbia.

Treni yao iliondoka baadaye, nikiwa darasani. Nilisikia honi. Ilipita Lubudi na kuendelea kuelekea Kasai, siku nyingi njiani, na habari iliyonifikia baada ya muda mrefu ni kwamba mama yake hakufika. Alizikwa kando ya reli, mahali ambapo aliyeniletea habari hakujua panaitwaje. Matembele yake niliyachuma mimi. Watu waliopewa nyumba ile hawakuyapenda, na ukuta wetu sikuugonga tena.

Kamati ilikaa Jumamosi iliyofuata. Jezi zikatandazwa, na kati ya nne na sita kulikuwa na ubao mtupu wa meza.

"Maillot iko wapi?" akauliza karani.

Nikainua mkono wa kulia, nimefumba kiganja. "Iko hapa. Nimeishika."

"Mama, mukono yako haina kintu."

"Nimeishika, na sijaikunja. Kikao hakifungwi."

Karani alimgeukia kocha amwokoe. Kocha alitafuna njiti yake kwa muda, akaangalia mkono wangu, akaangalia lile pengo la meza. Kisha akaweka kidole juu ya namba sita na kuuliza nani anaichagua. Tuliendelea, na usiku tukatawanyika bila mtu kutamka kwamba kikao kimefungwa. Kijana wa Dilala alicheza beki ya kati, alicheza vizuri tu, kwa jezi ya kijani isiyo na namba. Kila Jumamosi niliinua mkono, na hakuna aliyewahi kuniambia niushushe, ingawa wengi walitaka.

Kocha ameshafariki. Karani alihamia kwa watoto wake, na siku ya kuaga alinipa mkono wa kushoto, eti asinisumbue wa kulia. Sikujua alikuwa mtu wa utani. Mashimoni wamerudi wachimbaji wa kila namna, makampuni mapya, pikipiki za kubeba watu zimejaa Dilala yote. Serkle imepakwa rangi. Timu ipo, na kiti changu kipo, kwa sababu hakuna aliyepata ujasiri wa kuniondoa.

Msimu huu tumepata kocha mpya, kijana aliyesomea mpira, anayetumia simu kupanga kikosi. Jumamosi ya kwanza alifungua boksi la jezi mpya zenye kung'aa, akazitandaza mezani kama alivyoambiwa. Moja, mbili, tatu, nne. Ya tano ilikuwepo, mpya kabisa, na akaishika akitutazama.

"Na hii, nani anaivaaka?"

Wanaume waliobaki wa zamani wakageuza shingo zao kwangu. Nikanyoosha mkono, akanipa, bila kujua kwa nini. Niliipokea nikaiweka mapajani, imekunjuliwa, namba juu.

"Iko na mwenyewe," nikamwambia. "Endelea na sita."